Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu setingi za Remote Desktop kwenye maabara ya kompyuta ya mtandaoni

Mimi ni yule jamaa wa maabara mnayemtumia meseji saa 5 usiku. Kila muhula ukianza maswali ni yale yale, nikaona bora niyaandike sehemu moja niwe natuma linki nilale zangu. Hapa nazungumzia maabara za Windows zinazokaa kwenye seva, wewe upo hosteli au nyumbani kwenu unaingia kwa Remote Desktop kufanya SPSS, Stata, ArcGIS, AutoCAD na mengine ambayo laptopu yako haiyawezi. Majina ya vitufe nimeyaacha vile vile yanavyoonekana kwenye kioo, maana nikiyatafsiri hamtayaona.

Mkuu, hizo setingi zenyewe ziko wapi? Mimi naona tu sehemu ya kuandika jina la kompyuta.

Hapo ndo wengi wanapoishia. Bonyeza kitufe cha Windows, andika mstsc, piga Enter. Kinakuja kidirisha kidogo, watu wanaandika jina la mashine wanabonyeza Connect basi. Angalia chini kushoto kuna Show Options, ukiigusa kidirisha kinarefuka na vinatokea vichupo vitano: General, Display, Local Resources, Experience na Advanced. Kila kitu nitakachosema hapa kipo humo.

Ukimaliza kupanga rudi General ubonyeze Save As, uhifadhi faili kwenye desktopu yako, mpe jina kama "maabara". Siku nyingine unabofya hilo faili mara mbili tu. Ukitaka kurekebisha, bofya kulia kisha Edit. Usipofanya hivo mpangilio wako unaweza kubadilika halafu unasema programu inasahau.

Laptopu yangu ni Windows Home, nimeambiwa Remote Desktop haifanyi kazi.

Umeambiwa nusu. Home haiwezi kuingiliwa, yaani mtu hawezi kuja kwako. Lakini wewe kutoka kwako kwenda maabara unaweza, mstsc ipo humo humo, usipakue kitu na usimlipe mtu wa dukani akubadilishie Windows.

Maabara ni nzito sana, mausi inafika baada ya dakika. Seva yenu mbovu?

Mara nyingine ni seva kweli, sikatai, hasa wiki ya kukusanya kazi mkiingia wote kwa pamoja. Lakini nikimwambia mtu alete laptopu niangalie, mara nyingi nakuta kaingia kwa kioo kizima cha 1920 kwa 1080, picha ya ukutani ipo, vivuli vipo, madirisha yanaelea, na intaneti yenyewe ni ya hotspoti ya simu iliyowekwa dirishani ndo ishike mnara.

Anza na Display. Kuna kibonyezo cha kuvuta kulia na kushoto, kirudishe mpaka 1366 kwa 768. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, hicho cha 1366 kwa 768 kina 1,049,088, kwa hiyo umepunguza karibu nusu ya mzigo kabla hujagusa kitu kingine. Rangi nazo unaweza kuzishusha kutoka biti 32 kwenda 16 ila seva za siku hizi nyingi hazijali, usitegemee muujiza hapo.

Halafu nenda Experience, hii ndo yenyewe. Kuna orodha ya aina za mtandao, juu kabisa ipo ya modemu ya 56 kbps (sijui nani bado anayo), inafuata Low-speed broadband ya 256 kbps mpaka 2 Mbps, kuna ya setilaiti, mpaka LAN ya 10 Mbps kwenda juu. Yenyewe inakuja imewekwa ijitambue, na mtandao ukiwa unapanda na kushuka kila baada ya sekunde kumi huko kujitambua kunayumba nao. Chagua Low-speed wewe mwenyewe. Utaona tiki zinajitoa: picha ya ukutani, kulainisha herufi, kuonyesha dirisha lote wakati unaliburuta. Ziache zitoke. Herufi zitakuwa na meno meno kidogo, kama zinakuumiza macho rudisha tiki ya Font smoothing peke yake.

Tiki moja usiitoe: Persistent bitmap caching. Hiyo inahifadhi vipande vya picha kwenye diski yako ili seva isikutumie kitu kile kile mara mia. Na ile ya Reconnect if the connection is dropped iache pia, ndo inayokurudisha mtandao ukikata kidogo.

Inakula bando kiasi gani?

Inategemea unafanya nini na sitakutajia namba maana utakuja kunidai. Elewa tu inavyofanya kazi: seva inakutumia mabadiliko ya kioo. Ukikaa unasoma jedwali la Stata ambalo halisogei, hakuna kinachotumwa cha maana. Ukianza kuburuta ramani kwenye ArcGIS kila sekunde, au unafungua YouTube humo ndani (mpo, nawajua), bando linayeyuka.

Uzuri wake ni huu, faili la data la MB 300 likiwa limekaa kwenye seva, kulifungua na kulichambua hakukugharimu hizo MB 300 kwa sababu halitoki kule, linalokuja kwako ni picha tu. Ukilikopi kuja kwenye laptopu ndo utalipia yote. Kwa hiyo fanya kazi yote kule kule, mwisho uje na matokeo tu.

Umeme umekatika / bando limeisha katikati ya kazi, kazi yangu imepotea?

Hapana, tulia. Mawasiliano yakikatika unachokosa ni kioo, mashine ya kule inaendelea kama kawaida. Programu zako ziko wazi, regresheni inaendelea kupiga. Ukirudi, ingia kwa jina lile lile utakuta kila kitu ulivyokiacha.

ILA kila maabara ina muda iliyouweka. Msimamizi anaweza kupanga kwamba aliyekatika akikaa muda fulani bila kurudi, anatolewa kabisa na kisichosevuliwa kinaondoka. Uliza kwenu ni muda gani. Kuna dada mmoja wa mwaka wa tatu alikatika jioni, akaona aah nitarudi kesho kwani si vitu viko kwenye seva, asubuhi akakuta desktopu nyeupe. Kitabu cha majedwali ya sura ya nne chote hakuwa amekisevu hata mara moja toka mchana. Alilia pale maabara mpaka na mimi nikakosa la kusema. Ctrl + S haili bando jamani.

Tofauti ya kufunga kwa X na Sign out ni nini? Si vyote vinatoka?

Havifanani. Ile X ya juu inakata tu mawasiliano, yaani ni kama umetoka chumbani umeacha taa na feni inazunguka. Sign out ndo kuzima kila kitu na kurudisha ufunguo. Ukiwa na kazi inayoendelea na unataka kwenda kula, tumia X. Ukimaliza kabisa, nenda Start ya kule ndani, bonyeza jina lako, Sign out.

Hii naiongelea kwa uchungu kwa sababu programu zingine tuna leseni za idadi maalumu, watu 20 wakiingia wa 21 anakataliwa. Watu wanafunga kwa X wanaenda kulala, SPSS imebaki wazi imekamata kiti, mwenzako anaandika kwenye grupu "maabara imejaa" na ukiangalia wanaofanya kazi kweli ni wanne.

Nywila ni sahihi kabisa lakini inakataa. Nimeandika mara kumi.

Acha kwanza, usiandike ya kumi na moja akaunti itajifunga. Angalia mambo matatu.

La kwanza, jina. Maabara nyingi zinataka jina la kikoa (domain, yaani mtandao wa chuo ulikosajiliwa) mbele halafu mkwaju wa nyuma halafu jina lako, mfano CHUO\jina. Usipoweka, Windows inaweza kudhani unatumia akaunti ya laptopu yako.

La pili, nywila ya zamani imejihifadhi. Ulibadilisha nywila juzi lakini mstsc inatuma ile ya zamani bila kukuuliza. Fungua Control Panel, Credential Manager, Windows Credentials, tafuta mstari unaoanza na TERMSRV/ na jina la mashine ya maabara, ufute. Ingia upya.

La tatu ndo nalipenda kwa sababu lilinitesa siku nzima. Kijana kaja na laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, nywila yake ina alama ya @, akiwa kwenye kompyuta za chuo inakubali, akiwa kwake inakataa. Tumebadilisha nywila mara mbili, hola. Mwishoni nikamwambia hebu iandike hiyo nywila kwenye sehemu ya JINA ili tuione kwa macho, akaandika, badala ya @ ikatokea alama ya kunukuu. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana hizo mbili: kwa Mwingereza Shift na 2 ni alama za kunukuu, @ iko kule karibu na Enter. Laptopu ilikuwa na vitufe vya Kiingereza cha Uingereza, Windows imepangwa Marekani, yeye alikuwa amezoea kubonyeza panapoonekana @ kwenye kitufe. Ukitaka kujua kibodi yako ni ipi angalia kitufe cha 3, kikiwa na alama ya pauni ni ya Uingereza. Kubadilisha, bonyeza kitufe cha Windows na Space, na mpangilio ukiwa haumo kwenye orodha uongeze kwenye setingi za lugha. Na baada ya jaribio hilo futa hiyo nywila kwenye sehemu ya jina, usije ukabonyeza Connect ikabaki hapo.

Inasema haiwezi kuunganisha na kompyuta, inanipa sababu tatu.

Ndio, kwamba ruhusa haijawashwa, au kompyuta imezimwa, au haipo kwenye mtandao. Kwa mwanafunzi wa nyumbani karibu kila mara ni hiyo ya tatu na maana yake hujawasha VPN ya chuo (programu inayokuingiza kwenye mtandao wa chuo ukiwa mbali). Washa VPN kwanza, ndo ufungue Remote Desktop.

Kama kwenu hamtumii VPN mnatumia geti (seva ya katikati inayokupitisha mpaka maabara), basi nenda Advanced, bonyeza Settings, weka jina la RD Gateway mlilopewa. Geti inapita mlango (port) wa 443 ambao ndo ule ule wa tovuti za kawaida, kwa hiyo hata kwenye Wi-Fi ya hoteli au ofisini ambako mlango wa 3389 wa Remote Desktop umefungwa, utapita.

Nimeingia kioo kizima sasa nashindwa kutoka, sioni hata ile bao ya juu (ule mstari wenye jina la mashine na X).

Ctrl + Alt + Home inaita hiyo bao. Ctrl + Alt + Break inakutoa kwenye kioo kizima, shida laptopu nyingi hazina Break. Siku nyingine kwenye Display weka tiki ya kuonyesha bao ya mawasiliano. Na ukitaka Ctrl + Alt + Del ya kule ndani, mfano kubadilisha nywila, tumia Ctrl + Alt + End, maana Del inakamatwa na laptopu yako.

Alt + Tab inabadilisha madirisha ya laptopu yangu badala ya kule.

Local Resources, sehemu ya Keyboard. Chagua On the remote computer.

Nawezaje kupata faili zangu za flashi nikiwa ndani ya maabara?

Local Resources tena, chini bonyeza More, fungua Drives. Weka tiki kwenye flashi yako peke yake. Usiweke kwenye C yote, hakuna sababu ya kuifungulia seva nyumba nzima wakati unataka kupitisha begi moja. Kama flashi utaichomeka ukiwa umeshaingia, kuna tiki ya Drives that I plug in later.

Ukiwa ndani fungua File Explorer, utaiona chini ya This PC, au andika \\tsclient kwenye bao ya anwani. Kopi faili kwanza liende kwenye folda yako ya kule ndo ulifungue. Ukilifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kila kusevu kunapita kwenye bando lako, na mtandao ukikata katikati ya kusevu faili linaweza kuharibika.

Kopi na pesti imegoma ghafla.

Kuna kaprogramu kanaitwa rdpclip kule ndani, kamelala. Fungua Task Manager ya kule, kaue, halafu File, Run new task, andika rdpclip. Ikigoma bado angalia kama tiki ya Clipboard ipo kwenye Local Resources. Ikiwepo na bado haipiti basi msimamizi kaifunga, na wakati wa mitihani huwa tunaifunga makusudi.

Nataka sauti, na nataka kuingia Zoom nikiwa maabara.

Sauti ipo Local Resources, Remote audio, bonyeza Settings. Lakini Zoom usifungulie kule ndani nakusihi. Video inatoka Zoom inaenda seva, seva inaichora upya inakutumia wewe, halafu maikrofoni yako inasafiri njia hiyo hiyo kurudi. Fungua Zoom kwenye laptopu yako, maabara ifanye dirisha dogo pembeni. Kama hutaki sauti kabisa chagua Do not play.

Herufi ni ndogo kama sisimizi.

Toka kwenye kioo kizima, bofya ile ikoni ndogo kwenye kona ya juu kushoto ya dirisha, kuna Zoom na Smart sizing. Jaribu zote mbili.

Naweza kutumia simu? Mac je? Linux?

Simu inawezekana kwa kuangalia kama kazi imeisha, kuandika sura nzima kwa kidole siwezi kukushauri. Kwenye iPhone na Mac ile programu ya Microsoft Remote Desktop ilibadilishwa jina mwaka 2024, sasa ni Windows App, usishangae ukiikosa. Linux tumia Remmina.

Kuna jamaa anahariri faili lake kwa Notepad, anafanya nini?

Anajua. Lile faili ulilohifadhi la .rdp ni maandishi tu. Bofya kulia, fungua na Notepad, utaona mistari ya aina hii:

desktopwidth:i:1366
desktopheight:i:768
audiomode:i:2
redirectclipboard:i:1
redirectprinters:i:0
disable wallpaper:i:1
smart sizing:i:1

Moja ni ndiyo, sifuri ni hapana, isipokuwa baadhi kama audiomode ambapo 0 ni sauti ichezwe kwako, 1 ichezwe kule, 2 isichezwe kabisa. Printa mimi huwa naizima, maana kuna madereva ya printa yanachelewesha kuingia, na utaprinti nini saa 7 usiku. Uzuri ni kwamba ukishapata mpangilio mzuri unaweza kumpa mwenzako faili lako. Lakini faili la .rdp ulilotumiwa na mtu usiyemjua usilifungue tu, linaweza kukupeleka kwenye seva ya mtu huku drive zako zote zimewekewa tiki.

Nikiwa intaneti kafe?

Usiweke tiki ya kukumbuka nywila, usiache faili la .rdp pale, na kabla hujaondoka fanya Sign out, sio X.

Mimi ndo msimamizi, nataka kuwatengenezea wanafunzi wangu. Nianzie wapi?

Haya mkuu, machache. Windows 10 au 11 ya kawaida ni mtu mmoja kwa wakati, mwingine akiingia wa kwanza anatolewa. Windows Server bila kuongeza kitu inaruhusu wasimamizi wawili. Ukitaka darasa zima unaweka Remote Desktop Services, na hapo ndo kuna mtego: inakupa siku 120 bila leseni, inafanya kazi vizuri, kila mtu anafurahi, unasahau. Siku hizo zikiisha inakataa watu kwa ujumbe kwamba hakuna seva ya leseni. Sehemu moja niliyofanyia kazi iliwashwa muhula ulipoanza, hesabu mwenyewe 120 ziliangukia wapi. Wiki ya mitihani ya vitendo. Wanafunzi 60 wamesimama koridoni, mimi natafuta namba ya mtu wa manunuzi.

Muda wa kukatika na wa kukaa bila kugusa unaupanga kwenye Group Policy (sehemu ya Windows ya kuwekea sheria za mashine), Session Time Limits. Usiwe mkali sana, umeme wetu unaujua.

Na mlango wa 3389 usiufungue moja kwa moja kwenye intaneti hata kwa siku moja ya majaribio. Mwaka 2019 lilitokea tundu la usalama lililoitwa BlueKeep kwenye huduma hii hii, lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka mpaka cha Windows XP ambayo walishaiacha miaka mitano nyuma. Weka VPN au geti, na acha NLA (inayodai nywila kabla ya kufungua kioo) imewashwa.

Saa ya kule ndani haifanani na ya simu yangu, nifuate ipi?

Fuata ya simu. Seva ikiwa imekodishwa kwenye wingu kama Azure inakuja na saa ya UTC, ambayo ipo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa masaa 3. Kuna kijana mwisho wa kukusanya ulikuwa 23:59, akaangalia kona ya kioo cha maabara ikasema 20:40, akaenda zake kula chipsi. Kumbe huku ni saa 6 kasoro dakika 20 usiku. Msimamizi anaweza kulimaliza hili kwa kuwasha Allow time zone redirection kwenye Group Policy, kila mtu akiingia anaiona saa ya laptopu yake. Kwetu iliwashwa wiki iliyofuata.